Risasi ya Punda Milia

Dup.

Sauti hiyo ilimfikia Inspekta Muteti kabla hajafungua mlango wa chumba cha vielelezo. Ilikuwa sauti ya chuma kinachoteremka ndani ya chuma, kisha kikagota kwenye kitu laini. Alisimama mkono ukiwa kwenye kitasa, akasikiliza. Dup, tena. Mtutu mtupu hulia kama kengele ukiudondoshea ufito wake wa kushindilia. Huu haukulia.

"Rahab," aliita kupitia mlangoni, bila kupandisha sauti. "Hiyo bunduki imeangalia wapi?"

"Imeangalia dari, afande."

"Na kichwa chako kiko wapi?"

Ufito ukakoma kudondoka. "Karibu na dari."

"Basi kitoe hapo pole pole, na hiyo bunduki iache imesimama vile ilivyo."

Alipoingia alimkuta Konstebo Rahab ameegemea ukuta wa mbali, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Bunduki ilikuwa imeegeshwa kwenye kona: gobore la zamani, kazi ya kiwandani, masalio ya walowezi waliowahi kufuga ng'ombe kwenye mbuga hizi za Kitengela. Mtutu wake mzito ulikuwa na mifereji iliyojikunja ndani. Watu wa kijijini hutengeneza magobore yao kwa mabomba ya maji. Hili lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Imejazwa," Muteti alisema. "Tuliikamata imejazwa, tukaibeba kwa Land Rover imejazwa, na imelala hapa tangu jana ikiwa imejazwa."

"Na jana hiyo hiyo mkuu wa kituo alikuwa anataka aizungushe kwa bega wapige picha."

"Mungu anampenda."

Walimwaga maji kwenye tundu la fataki hadi baruti ikalowa, wakangoja. Kisha Muteti akafunga parafujo kwenye ncha ya ufito, akausukuma chini, akauzungusha mpaka ukauma. Rahab alishika kitako, naye akavuta. Kilichotoka mwishoni kilikuwa risasi moja ya duara, ndogo kama tunda la mzabibu, imevikwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta meupe. Nyuma yake lilifuata tope la baruti, dogo tu, halikujaza kijiko.

Muteti aliiweka mezani, akakaa akiitazama muda mrefu. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, na dirishani hapakuwa na kitu ila mbuga, kavu, baridi ya Julai ikiipita bila kukutana na mti.

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa asubuhi, mwenye ploti aitwaye Ndung'u alikutwa amekufa kando ya ua wake wa waya, kwenye uwanda ulio kati ya Kitengela na Isinya. Alikuwa amepigwa risasi moja kifuani. Kila mtu alijua kwamba Ndung'u na Jeylani, mfanyabiashara wa mbuzi na kondoo, walikuwa wamegombana wiki nzima juu ya mifugo kuvunja ule ua. Jumamosi mtu asiyejitaja alipiga simu kituoni, akasema watazame zizi la Jeylani. Wakatazama. Chini ya majani makavu walikuta bunduki, mfuko wa turubai wenye risasi za aina mbili, na mkebe wa mafuta. Leo ilikuwa Jumapili. Kesho Jeylani angepelekwa mahakamani Kajiado kusomewa shitaka la mauaji, na mkuu wa kituo alikuwa ameshavaa uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Lete ile ya maiti," Muteti alisema.

Rahab alifungua bahasha ya daktari. Risasi iliyotolewa mwilini haikuwa ya duara. Ilikuwa ndefu, nzito, yenye ncha butu na mifereji kiunoni, na mbele ilikuwa imefunguka kama uyoga. Katika ule mfuko wa turubai mlikuwa na nyingine za namna hiyo ambazo hazijatumika. Muteti alizipanga mezani: za duara huku, ndefu kule.

"Sasa niambie wewe," alisema. "Umempiga mtu kwa hii ndefu. Umemwona ameanguka. Unajaza tena. Unajaza na gani?"

"Najaza na miguu yangu, nakimbia."

"Haya, lakini huyu alijaza. Na hakuchukua ndefu. Alichukua hii ndogo, akapima baruti kidogo, akakata kitambaa, akapaka mafuta, akashindilia vizuri. Hiyo ni kazi ya mtu asiye na haraka."

Kabla hajawa mpelelezi, Muteti alikuwa amekaa miaka kadhaa Makindu akiwafukuza majangili, na magobore alikuwa ameyaona ya kutosha. Mwindaji mzuri huchagua risasi kabla ya kuchagua njia. Ile ya duara ni ya mnyama mwepesi, karibu: humwangusha na kubaki mwilini, nyama isiharibike. Ile ndefu ni ya mnyama mwenye kifua na mfupa. Hakuna mwindaji anayeichukua ile ya duara kummalizia binadamu.

Akachukua lenzi, akainamia ile risasi ya maiti. Katika mikunjo ya ncha yake, risasi ilipofunguka kama ua, kulikuwa na nyuzi fupi zimebanwa. Ripoti ya daktari ilisema: nyuzi za nguo.

"Koti la Ndung'u lilikuwa rangi gani?"

"Buluu. Ile ya askari wa zima moto. Alinunua mtumba."

"Tazama."

Rahab akainama. "Hizi ni za kahawia. Na moja ni nyeupe."

"Na zimenyooka. Hiyo si nguo, ni manyoya. Hii risasi ilipita ndani ya mnyama kwanza."

Kilichobaki ni mafuta. Mkebe ulikuwa wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia, lakini Muteti hakuuamini mkebe. Alichovya kijiti. Asubuhi ile maji ya mferejini yaliuma meno. Mafuta ya kondoo yangekuwa yameganda kama mshumaa, na ya ng'ombe vilevile. Haya yalibonyea kwa kidole. Rahab aliyayeyusha kidogo kwenye kijiko juu ya jiko la mafuta ya taa, na moshi wake ulipopanda wote wawili walitazamana.

"Hiyo," Rahab alisema, "ni Jumamosi jioni, ile baa iko nyuma ya soko. Pork na kachumbari."

*

Jeylani aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bila viatu. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zimepakwa hina, na alikaa kwenye kiti kana kwamba kiti kilikuwa cha mtu mwingine. Muteti alimwekea mezani risasi moja ya duara, moja ndefu, kipande cha bomba, ufito, na ule mkebe ukiwa na kifuniko.

"Nionyeshe vile unajaza."

"Afande, mimi najua kujaza kondoo kwa lori. Hii sijui."

"Jaribu tu."

Jeylani aliitazama meza kwa uchovu. Akachukua ile ndefu, akaitumbukiza bombani ncha ikitangulia chini, akaisukuma kwa ufito kama anayeziba shimo la panya.

"Umeiweka kichwa chini," Muteti alisema.

"Sasa unafurahi?"

"Sifurahi. Hata mimi ningejua kujifanya sijui."

"Basi hakuna kitu nitafanya utaamini." Jeylani aliweka ufito chini. "Tangu jana naongea na ukuta. Ukuta iko na adabu kuliko nyinyi, haiulizi swali moja mara kumi."

"Hujaipaka mafuta. Inapakwa kwanza, ndipo iteleze."

Jeylani alishusha pumzi, akavuta mkebe, akafungua kifuniko. Kidole chake cha kulia kilikuwa kinashuka, bila haraka, bila wasiwasi, kama kidole cha mtu anayepaka mkate, Muteti alipomkamata kifundo cha mkono.

"Acha. Ni ya nguruwe."

Kidole kilibaki hewani. Jeylani alikitazama, kikiwa bado safi, kisha akakikunja ndani ya kiganja na kukiweka mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, alipandisha sauti.

"Hii kitu ilikuwa kwa zizi langu? Pale mke wangu Fosiya anakamulia?"

"Chini ya majani."

"Watoto wamekunywa hiyo maziwa." Alisukuma mkebe mbali. "Nyumba yangu imejaa mafuta ya kondoo, afande. Juu ya mlango, chini ya kitanda, kila mahali. Kama ningetaka kupaka bunduki ningepaka mpaka ya jirani. Mwenye aliweka hii hapo hanijui. Hajui hata mimi ni nani."

"Labda anakujua kwa mbali."

"Kwa mbali ni kutojua."

Mkuu wa kituo alisikiliza yote hayo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, ufunguo wa gari ukizunguka kidoleni.

"Mafuta," alisema. "Unataka niende nimwambie hakimu mafuta."

"Mafuta, manyoya, na risasi iliyobaki ndani."

"Muteti, niko na maiti, niko na ugomvi, niko na bunduki kwa zizi. Wewe uko na kijiko cha pork. Kesho asubuhi huyo anapanda gari. Ukiniletea mtu wa kupanda mahali pake, nitamshusha. Ukiniletea harufu, harufu nitafungulia dirisha."

Nje, kwenye benchi la saruji chini ya ubao wa matangazo, Fosiya mke wa Jeylani alikuwa ameketi vilevile alivyoketi jana. Hakuna aliyeketi karibu naye. Watu waliokuja kupiga ripoti za simu na ng'ombe waliopotea waliona afadhali wasimame juani.

"Afande," alisema Muteti alipompita. "Wanasema ya kuua ni kunyongwa. Ni ukweli?"

"Ni sheria, mama."

"Sikuuliza kama ni sheria."

Muteti akaenda kwenye gari.

*

Aliendesha peke yake. Rahab alibaki zamu. Baada ya machimbo ya mawe barabara ya vumbi ilijitenga, na mji ukaisha ghafla kama umekatwa kwa panga. Alisimamisha gari kwenye ua wa Ndung'u. Damu ilikuwa imeshamezwa na ardhi. Waya ulilia kidogo kwa upepo.

Alisimama pale alipoanguka marehemu, akageuka upande kifua chake kilikokuwa kimetazama. Mbele kulikuwa na bonde jembamba, njia ya wanyama wanaoshuka majini, na ng'ambo ya bonde nyumba moja ya mabati. Moja tu. Hakuna nyingine mpaka jicho lichoke.

Alishuka bondeni. Akatafuta akienda na kurudi, kama anayelima. Katikati ya mstari kati ya ua na ile nyumba alikuta kile fisi walichobakiza: pembe, ukwato, na ngozi ya kahawia yenye tumbo jeupe. Swala. Ngozi ilikuwa na tundu dogo ubavu huu, na ubavu ule tundu la kuingiza ngumi.

Alipokaribia nyumba alisikia nguruwe. Kisha akaona mtu amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyekuwa amesimama hapo siku zote akisubiri gari lolote lipite.

"Mimi ni Muteti, kutoka kituo cha Kitengela. Machimboni wamesema ng'ambo ya bonde anakaa mzee Gitonga. Ndiye wewe?"

"Ndiye huyo, ndiye huyo. Karibu. Keti. Chai iko tayari, iko tayari kila saa, nikipika ya mtu mmoja inakuwa nyingi. Usiketi hiyo, hiyo iko na vumbi. Keti hii yangu."

Viti vilikuwa viwili. Muteti aliketi kile kilichofutwa. Gitonga alimimina chai huku akisema juu ya bei ya pumba, juu ya nguruwe jike aliyewalalia watoto wake, juu ya marehemu mkewe aliyechukia upepo huu, juu ya binti yake aliye Nakuru ambaye angekuja Krismasi iliyopita kama si kazi. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililofungwa muda mrefu, kwanza yenye kutu, kisha mengi. Muteti alimwacha aseme.

"Naona swala ni wengi hapa," alisema hatimaye.

"Wengi? Wanakuja mpaka kwa mlango. Na punda milia. Wale wanakanyaga mahindi yangu kama ni yao."

"Mimi nilikaa Makindu. Huko watu bado wanawinda kwa siri, na magobore."

"Ah. Makindu. Mabomba ya maji tu hayo." Gitonga alitabasamu ndani ya kikombe. "Yanapasuka kwa uso."

"Nilimshika mmoja akawa ananifundisha. Aliniambia gobore ni moja, risasi ndefu yenye ncha basi. Swala, punda milia, chochote. Kubwa ndiyo inaangusha."

"Huyo hajui kitu."

"Alikuwa ameua wengi, mzee."

"Ameharibu wengi." Gitonga aliweka kikombe chini, akasogea mbele, macho yakiwa yamewaka. "Kijana, sikiliza. Swala ni mwepesi, kifua chake ni kama karatasi. Huyo unamwekea ile ya duara, na baruti kidogo, inaingia inakaa. Nyama yako safi. Ile ndefu ni ya punda milia. Yule ana bega, ana mfupa, ya duara itabandikwa pale kama kifungo. Lakini ukimpiga swala na ile ndefu, inapita kama haikukuta mtu. Haijui hata imepita. Inaenda, inaenda tu, mpaka—"

Alirudi nyuma kitini.

Nguruwe walikuwa wanasukumana kwenye hori la maji. Upepo uliinua bati moja la paa, ukalishusha.

"Mpaka wapi, mzee?" Muteti aliuliza.

Gitonga alikuwa anakitazama kile kiti chenye vumbi.

"Na kama mtu ameshashindilia ile ndefu," Muteti aliendelea, taratibu, "amejaza ya punda milia akiwa nyumbani, na asubuhi punda milia hawakuja. Amesimama bondeni peke yake. Swala akatokea."

"Hakuna kuitoa," Gitonga alisema. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka karibu isisikike. "Ukishashindilia unaipiga vile iko, ama unarudi nyumbani bure. Ningerudi bure. Nilikuwa nimerudi bure siku nyingi."

"Ukapiga."

"Nikapiga. Akaruka, akaanguka hapo hapo. Nikajaza ile ndogo, nikienda kummaliza kama bado anapumua. Ndipo nikaona kitu ya buluu kwa waya." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Alikuwa anakuja huku. Kila Ijumaa alikuwa anakuja, tunakunywa chai, ananiambia ya mjini. Hicho ni kiti chake."

"Ungekuja kituoni ukasema."

"Kuwinda ni jela tangu mwaka wa sabini na saba. Kuua ni kamba. Nani angeniamini?"

"Ungemwambia mtu yeyote kwanza."

"Nani?" Gitonga alimtazama usoni. "Yule ningemwambia ndiye alikuwa amelala pale."

Muteti aliacha maneno hayo yapite. Kisha akauliza lile alilokuja kuuliza. "Na Jeylani amekukosea nini?"

"Hakuna. Simjui. Namwona tu akipita na mbuzi, ananipungia mkono." Alikunja kofia, akaikunjua. "Ndung'u aliniambia wamegombana. Nikafikiri, huyo ana watu wengi, watamtetea. Mimi sina."

"Ana mke, mzee. Ameketi kwa benchi tangu jana na hakuna mtu ameketi karibu naye. Kesho asubuhi bwana yake anapelekwa Kajiado kusomewa ya kunyongwa. Mimi nikienda na manyoya na mafuta, mkuu wangu atafungua dirisha. Bunduki haina jina. Hakuna aliyekuona. Ukisema hukuniambia kitu, mimi sina kitu."

Ilikuwa kweli, na Gitonga alijua ni kweli. Alikaa. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Ngong, na kivuli cha nyumba kilivuka uwanja mpaka kikagusa miguu yao.

Kisha akainuka. Aliwamwagia nguruwe pumba zote zilizokuwa guniani, akajaza maji hori mpaka yakafurika, akafunga mlango wa nyumba bila kuingia kuchukua kitu. Alienda kwenye gari mwenyewe, akangoja afunguliwe.

"Nikisema hukumtazama mtu, kwamba ulitazama swala, nitakuwa nasema kweli," Muteti alimwambia njiani. "Ngozi iko, na matundu yake mawili. Si lazima iwe kamba."

Gitonga alitikisa kichwa, macho dirishani, kana kwamba hilo lilikuwa jambo la mtu mwingine.

Kituoni, Muteti alitaka kumpitisha mlango wa pembeni. Gitonga alikataa. Alikuwa amemwona mwanamke kwenye benchi. Alimwendea, akasimama mbele yake, akavua kofia. Fosiya aliinua macho, akamtazama mzee huyo mwenye harufu ya zizi la nguruwe, akajivuta pembeni kidogo na kukusanya buibui lake.

"Mama," Gitonga alisema, "mimi ni Gitonga, wa ile nyumba ya bati ng'ambo ya bonde. Hiyo bunduki ni yangu. Mimi ndiye nilimpiga Ndung'u, si kwa kupenda, na mimi ndiye nilileta hiyo takataka kwa zizi lenu."

Fosiya hakupiga kelele. Alimtazama Muteti, kisha akamtazama tena Gitonga.

"Unaniambia mimi hapa nje," alisema. "Mimi si hakimu. Kesho ukiamka na uoga ingine?"

"Hata sasa niko nayo."

"Basi?"

Rahab alikuwa ametoka mlangoni, na nyuma yake mkuu wa kituo, ufunguo wa gari ukiwa umetulia mkononi. Gitonga hakuwageukia. Alisema na yule mwanamke tu, kwa sauti ambayo kila mtu uwanjani aliisikia.

"Kesho nitapanda hilo gari na bwana yako, na kule Kajiado nitaongea kabla hawajaita jina lake. Hata wakiniambia ninyamaze, mama, nitaongea. Nakuahidi wewe."